Unahama na mtoto? Ngoja kwanza tuelewane

Mwezi wa pili, siku ya tano jioni, jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, alienda kumbeba mtoto wake kwa mama wa yule mtoto, vile alikuwa anafanyaka kila wiki mbili tangu waachane. Alikuta kofuli mlangoni. Mama wa nyumba ya pembeni alikuwa anachambua matembele, akamwambia bila kuinua kichwa: "Balihama, papa. Baliendaka Kolwezi tangu siku ya tatu." Usiku ule alikuja kwangu na sashe nyeusi, ndani yake sandale mpya za mtoto, namba 31, akaziweka juu ya meza akasema, "Minaziuza ao minazichunga? Mbele amurudishe, namba itakuwa ilishapita."

Mama wa yule mtoto namfahamu pia, si mtu mbaya, tena ni mtu wa kazi. Alipata nafasi ya kupika kwenye kampi ya wafanyakazi wa mine kule Kolwezi, mshahara ambao hapa Lubumbashi hawezi kuuona, na walimwambia aanze siku ya kwanza la sivyo wanamtafuta mwingine. Nilimpigia simu, akanijibu na uchungu: "Yaya, mimi njo minamulalisha, mimi njo minamuvalisha, baba yake anamuonaka siku mbili. Ruhusa niombe ya nini?" Baba naye wimbo wake ulikuwa mmoja tu, juu ya mahari, ile tunaita mali: "Mali nililipa, mutoto ni wangu."

Haya maneno mawili nayasikia kila wakati, kwa majirani, kwa ndugu, hata mlangoni pa kanisa, na yote mawili yana ukweli nusu. Ile nusu inayobaki njo inafanya mtoto abebwe usiku kama mzigo. Basi tufungue hii kamba taratibu, juu imefungwa mafundo mengi, na mengi tumeyafunga sisi wenyewe kwa kuita vitu vitatu tofauti kwa neno moja, "mtoto ni wangu".

Kitu cha kwanza ni damu. Kode ya familia ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, kifungu chake cha 591 kinasema kila mtoto wa Kongo anapashwa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao inje. Katiba ya 2006 nayo, kifungu cha 41, inampa mtoto haki ya kujua majina ya baba yake na ya mama yake. Soma vizuri, haki pale ni ya mtoto. Baba hajaandikwa kama mwenye mali, ameandikwa kama deni ambalo mtoto anadai, na mama vilevile.

Lakini damu bila karatasi inasumbua sana. Wengi wetu hatukufika kwenye eta sivili ya komini, ofisi ya kuandikisha ndoa na watoto, watu wanaanza kukaa pamoja, mtoto wa kwanza, wa pili, halafu mambo yanaharibika na kila mtu anaenda kwao, na pale hakuna divorsi ya kuomba juu hakuna ndoa ya kuvunja. Mtoto anapashwa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na kama wazazi hawakuoana kisheria, baba anapashwa kwenda kumtambua rasmi, wenye sheria wanaita afiliasio, ndani ya miezi 12. Baba ambaye hakufanya hivyo, siku anasimama mbele ya juji kudai mtoto asihamishwe, anasimama kama mpita njia mwenye sura inayofanana na ya mtoto. Na baba anayekimbia asitambue mtoto, mama anaweza kumfuata mahakamani ili ubaba utafutwe na uandikwe. Kwa hiyo kama unasoma hapa na mtoto wako hana karatasi yenye jina lako, ile safari ya komini inapita haya mengine yote.

Sasa mahari. Hapa Lubumbashi jambo hili lina uzito wake wa pekee, juu mji wenyewe ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba na watu walitoka kila pande kuja kuufanyia kazi, kila mmoja na desturi yake mfukoni. Kwa Waluba mtoto anafuata upande wa baba, mali ikishatoka hakuna mtu anaongea tena. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unapita kwa mama, na mjomba njo mwenye neno. Fikiria sasa baba Muluba na mama Mubemba, wamekutana Kampemba, wamepata watoto watatu, wameachana. Kwenye kikao cha upande wa baba jambo limekwisha kabla ya kuanza, na kwenye kikao cha upande wa mama limekwisha pia, ila kwa upande mwingine. Ni pale niliona wazee wenye heshima zao wakigombana mbele ya mtoto mwenye kaptula ya masomo, kila mzee ana haki kwa desturi yake, na mtoto katikati anatazama vidole vya miguu.

Sidharau desturi. Vikao vya familia vimeokoa ndoa nyingi kuliko tribinali, na Kode yenyewe inakipa kikao cha familia nafasi. Ila mahari inafunga ndoa na inaheshimisha bukwe, yaani wakwe, haijawahi kuwa bei ya mtoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka faida ya mtoto mbele ya yote katika kila uamuzi unaomhusu, na mtoto kwa sheria ile ni mtu yeyote asiyefikisha miaka 18. Ukifika kwa juji na neno moja tu, "nililipa mali", atakusikiliza, ataandika, halafu atauliza: na sasa mtoto analala wapi, anasoma wapi, anakula nini?

Kitu cha pili na cha tatu njo watu wengi wanavichanganya: kuchunga na kuamua.

Kuchunga ni mambo ya kila siku, kulala naye nyumba moja, kumwogesha, kumpikia, kumkimbiza kwenye dispensari saa nane za usiku homa ikipanda. Kuamua ni mambo makubwa, masomo gani, operesheni, mji gani ataishi, ikiwa atatoka inchi. Tribinali inapovunja ndoa inaweza kumpa mtoto baba, ao mama, hata mtu wa tatu kama nkambo (babu ao bibi) ao shangazi kama njo atakaa vizuri zaidi, na mara nyingi mtoto mdogo anabaki kwa mama, ingawa miaka peke yake haimalizi hesabu. Lakini hata akipewa nani, baba na mama wote wawili wanabaki na haki ya kufuatilia malezi na masomo yake, na wote wawili wanabaki na deni la kuchangia, kila mtu kadiri ya uwezo wake. Neno "kufuatilia" si la kupamba karatasi. Utafuatilia namna gani masomo ya mtoto kama haujui hata mji analala?

Njo maana yule mama wa Kolwezi alikosea, hata kama kazi yote ya kuchunga ni yake na hakuna mtu anaweza kumnyang'anya ile sifa. Kuchunga hakukumpa haki ya kuamua peke yake kitu kinachokata siku za baba kuanzia mizizi. Na baba naye alikosea alipofikiri kwamba kwa sababu anapashwa kuulizwa, basi yeye njo mwenye kukataza. Kuulizwa na kukataza si kitu kimoja. Mkishindwa kuelewana, wa tatu anaamua, na yule wa tatu ni juji, si mjomba mwenye sauti kubwa.

Jambo moja niliseme wazi kabisa juu linawaumiza bamama wengi. Mtu mzima yuko huru kuhama. Hakuna sheria inamfunga mwanamke kwenye kartie moja kama mbuzi kwenye mti eti juu aliwahi kuzaa na mwanaume wa pale. Kinachojadiliwa ni safari ya mtoto, si yake. Kuna wanaume, na nimewaona, hawakutuma hata mfuko wa unga mwaka mzima, lakini siku mama anapata kazi ao bwana mwingine kwenye mji mwingine, ghafla wanakumbuka wana mtoto na wanakimbilia avoka. Juji mwenye akili anaona hilo. Ataomba aone ulikuwa wapi kabla ya habari ya kuhama.

Umbali wenyewe una maana kubwa. Kuhamia Kipushi, kilometa kama 30, ni kubadilisha gari tu, siku za baba zinaweza kubaki vilevile. Likasi, kama 120, bado mwisho wa wiki unawezekana kama kuna makuta ya usafiri. Kolwezi ni kama kilometa 300, mtoto wa miaka 8 hawezi kufanya ile njia kila siku ya tano kwenda na siku ya saba kurudi, atalala darasani, na ile pesa ya gari ingemnunulia vitabu. Kinshasa ni ndege, na ndege kwa wengi wetu ni mara moja kwa mwaka kama Mungu akisaidia. Kwa hiyo swali "ninaweza kuhama naye?" halina jibu moja, linaongezeka uzito kadiri njia inavyoongezeka, na mji ukiwa mbali ile mipango ya wiki lazima ife na izaliwe mipango ya vakansi.

Juji anatazama nini? Hakuna karatasi ya hesabu, lakini ukikaa na maavoka utasikia maswali yaleyale yanarudi. Unahama juu ya nini, kazi ya kweli yenye kontra ao unataka tu baba asimwone mtoto. Kule utafikia wapi, chumba kimoja na watu sita ao kuna fasi ya mtoto. Ukifanya kazi ya usiku nani atakuwa naye. Masomo: unamtoa katikati ya mwaka ao unangoja mwezi wa saba, na kama yuko darasa la sita anajitayarisha kwa ENAFEP, mtihani wa inchi wa kumaliza masomo ya msingi, kumtoa mwezi wa pili ni kumvunja mguu karibu na mwisho wa mbio, tena masomo mapya wataomba biltini, karatasi za pointi, za kule alikotoka na wewe uliondoka usiku bila hata kumuaga direktere. Halafu kuna nani mwingine katika maisha ya mtoto hapa, nkambo aliyemlea, ndugu zake wa baba mmoja, rafiki wa kucheza naye mpira. Na mwisho, wanaoulizwa wachache lakini kwangu mimi njo swali zito kuliko yote: wewe mwenye kuhama umefikiria nini ili mtoto asimpoteze mzazi anayebaki? Mzazi anayefika na jibu la swali hili, limeandikwa, lina tarehe na lina hesabu ya gari, ameshashinda nusu ya vita bila kupigana.

Wenzetu wa Ufaransa wameliweka hili kwenye sheria tangu tarehe 4 Machi 2002, mzazi anayehama kwa namna inayobadilisha mipango ya mtoto anapashwa kumjulisha mwenzake mbele na mapema, na wasipoelewana juji anaingia. Mbele na mapema, si meseji ya WhatsApp ukiwa tayari kwenye bisi na mtoto amelala magotini.

Na hapa lazima nisimame kidogo, juu kuna mtu anasoma akisema: mimi sikuhama, nilikimbia. Kama unapigwa, kama mtoto anapigwa ao anaguswa vibaya, toka. Toka leo, usingoje kikao, usingoje barua ya mtu yeyote. Lakini kesho yake asubuhi, ao siku unapata nguvu ya kutembea, nenda kwa polisi, nenda hospitali wakuandikie karatasi ya majeraha, nenda kwa juji ueleze juu ya nini uko kule uko na uombe mtoto abaki na wewe. Kukimbia na kujificha miezi sita bila kusema kwa mtu kunampa yule mpigaji nafasi ya kufika wa kwanza mahakamani akilia kwamba ameibiwa mtoto, na wewe ukiletwa baadaye unaonekana ndiye mwenye kosa. Niliona hii kwa mtu wa karibu yangu. Alikuwa na haki yote, akaanza kesi kama mwizi.

Mpaka wa Kasumbalesa

Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni kama kilometa 90, asubuhi unatoka na saa sita unakula nshima Zambia. Kwa biashara ni baraka. Kwa mambo ya mtoto ni hatari, juu sheria yetu yote niliyoeleza hapa inasimama pale kwenye barrieri. Watu wa DGM, wale wa uhamiaji, wanaweza kuomba barua ya ruhusa ya mzazi mwingine kama mtoto anavuka na mmoja tu, lakini njia za panya tunazijua wote.

Dunia ina mkataba kwa ajili ya jambo hili, ule wa La Haye wa tarehe 25 Oktoba 1980. Unafanya kazi hivi: mtoto wa chini ya miaka 16 akibebwa toka inchi anayoishi bila ruhusa ya mzazi mwenye haki, inchi alikofikishwa inapashwa kumrudisha haraka, hasa kama ombi limefika kabla ya mwaka 1 kupita, isipokuwa kuna hatari kubwa kwa mtoto huko anakorudi. Juji wa kule haamui nani mzazi mzuri, anasema tu arudi nyumbani na majuji wa nyumbani wataamua. Zambia imo ndani ya mkataba ule, Afrika Kusini imo, Ubelgiji na Ufaransa zimo pia. Kongo haimo, na mkataba unataka inchi zote mbili ziwemo.

Maana yake ni nini kwa baba wa Ruashi ambaye mtoto wake amevushwa mpaka Kitwe? Ni kwamba hana ile njia ya haraka. Atatafuta avoka wa Zambia, afungue kesi kule kwa Kiingereza, alipe kwa kwacha, abebe hukumu yake ya hapa na aombe itambuliwe, na miezi itapita, mtoto atajua kusema Kibemba cha kule vizuri, atapata marafiki, na juji wa kule ataona mtoto ameshatulia. Vilevile mama wa hapa ambaye baba amembeba mtoto "kwenda vakansi" Bulaya na hakumrudisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, ambao inchi yetu ikiitwa bado Zaire iliukubali tarehe 27 Septemba 1990, unasema mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, hata wakiwa inchi mbili. Ni haki nzuri, lakini haina gari wala polisi wa kumrudisha mtoto. Kwa sababu hiyo, kama una wasiwasi wa kweli kwamba mtoto atavushwa, usingoje avushwe. Nenda kwa juji kabla, omba uamuzi ulioandikwa, na ujue paspoti ya mtoto iko kwa nani.

Makuta ni kesi ingine

"Hatumaka franga, hatamuona mutoto." "Hanionesheaka mutoto, sitatuma franga." Haya mawili yanazunguka kama mbwa na mkia wake. Naomba tu uelewe kwamba ni madeni mawili tofauti na yote mawili mdai ni mtoto. Baba asiyeonyeshwa mtoto bado anadaiwa chakula na viatu. Mama asiyetumiwa kitu bado anapashwa kumpa mtoto baba yake siku iliyopangwa. Kila mmoja ana njia ya kumshtaki mwenzake, hakuna aliyepewa ruhusa ya kujilipa kwa kutumia mtoto.

Na tuma kwa njia inayobaki na alama. Ukituma kwa M-Pesa ao Airtel Money meseji inabaki, andika "viatu vya masomo, mwezi wa tisa", siku ya siku utaonyesha. Kumpa mjomba dola ishirini mkononi barabarani ni kuzitupa, hakuna juji ataziona. Masomo ya msingi kwenye shule za leta ni bure tangu 2019, kwa hiyo ugomvi mwingi sasa uko kwenye shule za binafsi, sekondari, nguo za masomo na dawa, na mkihama mnaongeza kitu ambacho watu wanasahau kabisa kupanga: nani analipa gari ya vakansi. Mimi naona anayehama kwa hiari yake abebe sehemu kubwa, ila kama amehama juu mwenzake hakumsaidia na kitu, hesabu inageuka.

Wapi mnaenda

Kwanza ongeeni, kama bado mnaweza kukaa meza moja bila mtu kusimama. Halafu kikao cha familia zote mbili, na shauri langu muite mzee mmoja ambaye si wa upande wowote, pasta, jirani mkubwa, mwalimu wa mtoto. Mkielewana, andikeni. Makubaliano ya mdomo yanakufa siku mmoja anapata mpenzi mpya. Andikeni mtoto anaishi kwa nani na kwenye mji gani, vakansi kubwa anaenda kwa nani kuanzia tarehe gani, Noeli na Pasaka mnabadilishana namna gani, simu siku gani na saa gani, nani analipa usafiri na nani anamsindikiza kwenye bisi juu mtoto mdogo hasafiri peke yake, biltini inatumwa kwa nani, na mtu akitaka kuhama tena anamjulisha mwenzake miezi mingapi mbele. Sahihi zote mbili, mashahidi, halafu pelekeni kwa juji aipe nguvu.

Mkishindwa, divorsi inaenda kwenye tribinali ya amani, ile tunaita tripe, na pale juji anaanza kwa kujaribu kuwapatanisha, na wakati bado anawasikiliza anaweza kutoa maamuzi ya muda juu ya mtoto na makuta ya malezi, kwa hiyo hauhitaji kungoja mpaka mwisho wa kesi. Mambo ya mtoto mwenyewe, ubaba na mengine, yana tribinali ya watoto iliyozaliwa na ile sheria ya 2009. Kama hauna pesa ya avoka, uliza baro, chama cha maavoka, wana ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Na kama tayari kuna hukumu ya zamani inayosema mtoto anaishi Lubumbashi na baba anamwona kila wiki mbili, usiivunje kimya kimya. Hukumu juu ya mtoto haikauki kama simenti, maisha yakibadilika unarudi kuomba ibadilishwe, na kazi ya Kolwezi ni mabadiliko ya kutosha kabisa kwenda kuomba.

Kisha kuna mtoto mwenyewe. Mkataba wa haki za mtoto, kifungu cha 12, na sheria yetu ya 2009 vinasema mtoto mwenye kuelewa asikilizwe. Kusikilizwa, si kuchaguzishwa. Mimi nilichaguzishwa. Nilikuwa na miaka 9, Likasi, kwenye kiti kidogo katikati ya watu wazima kumi na mbili, mjomba alikuwa amenipa Fanta na baba mkubwa amenivalisha viatu vipya ambavyo vilinibana, wakaniuliza: unataka kwa nani? Nikasema wote. Watu wakacheka, halafu wakaniuliza tena kwa sauti ngumu. Sikumaliza ile Fanta, na mpaka leo sikumbuki nilijibu nini, ninakumbuka tu kwamba mama hakunitazama njiani wakati wa kurudi. Muulize mtoto masomo yake yanaendaje, nani anamsaidia na divuari, usiku akiamka anamwita nani, anaogopa nini kuhusu kule. Atakwambia yote bila kumsaliti mtu.

Yule jirani na mama wa mtoto wake hawakufika kwa juji. Ilichukua simu nyingi na kikao kimoja kirefu kwa shangazi yake mtoto pale Kenya, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mama alipanda toka Kolwezi siku yake ya kupumzika akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliomba samahani kwa ile siku ya kofuli, neno moja, baba naye akakubali kwamba kwa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili hakuwa ametuma kitu. Waliandika ukurasa mmoja na nusu kwenye karatasi ya divuari: mtoto atamaliza mwaka Kolwezi juu kumrudisha tena katikati ni kumchosha mara mbili, Pasaka na vakansi kubwa ni kwa baba, simu siku ya tatu na siku ya saba saa moja jioni, gari ya kuja analipa mama, ya kurudi baba. Shangazi alitia sahihi, na mjomba wa upande wa mama pia, baada ya kusoma mara tatu.

Pasaka mtoto alishuka kwenye bisi na saki yake mgongoni. Zile sandale zilikuwa bado kwangu. Alijaribu, kisigino kikabaki inje, basi asubuhi baba yake akambeba mpaka soko ya Kenya kutafuta mtu wa kubadilishana naye kwa namba 32.